Dhambi Hairithiwi. Je, Deni?



Ndugu zangu katika imani, makala hii imetokana na swali lililoulizwa kwenye darsa yetu ya Alhamisi, nasi tukaliacha bila jibu kwa sababu adhana ya Isha iliingia. Tulikuwa tukizungumzia dhuluma na toba. Mmoja wetu akaitaja barua ambayo Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais wetu tarehe 30 Juni 2020, siku ya miaka 60 ya uhuru, akieleza majuto yake kwa maovu yaliyotendwa Congo, bila kutamka neno la kuomba msamaha. Hapo kaka mmoja wa kitivo cha sheria, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, akasema: "Lakini huyu mfalme amezaliwa mwaka 1960. Yeye amekata mkono wa nani? Qur'ani imetufundisha mara kadhaa kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Tukimdai, si tunakwenda kinyume na aya?" Wengi wakatikisa vichwa kumkubali. Mimi nilinyamaza, ila si kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu wiki ile kulikuwa na namba moja kwenye daftari langu iliyokuwa ikinisumbua.

Nasoma afya ya jamii. Wakati huo nilikuwa kwenye mazoezi ya vitendo katika kituo cha afya ng'ambo ya mto, na kazi yangu ilikuwa kupima watoto. Si kazi ngumu. Mtoto anasimamishwa kwenye ubao, visigino vikigusa mbao, mwenzako anashika magoti yasikunjike, wewe unateremsha kipande cha juu mpaka kiguse utosi, kisha unasoma. Mtoto analia, mama anacheka, unaandika. Siku ya pili aliletwa mvulana wa miaka mitatu na miezi minne, mchangamfu kweli, aliyetaka kuninyang'anya kalamu. Urefu wake ulikuwa sentimita 84. Huo ni urefu unaotarajiwa kwa mtoto wa kiume ambaye hajafikisha hata miaka miwili. Nilipomwangalia mama yake, alinijibu kabla sijauliza: "Ukoo wetu ndio wafupi hivi. Hata baba yake."

Sikumbishia. Lakini darasani tumefundishwa jambo ambalo ningependa kila msomaji wa jarida hili alijue. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vya ukuaji wa mtoto, baada ya kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wa nyumba zisizo na shida ya chakula, walionyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawavuti sigara. Ikaonekana kwamba mpaka umri wa miaka mitano watoto hao walikua karibu sawasawa. Mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa, mifupa yao inakwenda mwendo mmoja. Mtoto mmoja anaweza kuwa mfupi kwa ukoo, ndiyo. Lakini kijiji kizima kikiwa na watoto wafupi, hapo tusisingizie ukoo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika nchi yetu watoto zaidi ya 4 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na kudumaa si urefu tu. Ni akili isiyopata lishe wakati inajengwa, na ni mwili unaougua upesi zaidi.

Ndiyo maana wanahistoria wa uchumi wanaupenda urefu. Mshahara unaweza kuandikwa uongo, hesabu za kampuni zinaweza kufichwa, lakini mfupa wa mtoto hauna karani wa kuubadilishia namba. Na mmoja wa tafiti zilizonigusa zaidi katika fani hiyo unaihusu nchi yetu.

Mwaka 1888 Dunlop alipata hati ya tairi la upepo. Ulaya ikataka mpira, na mpira ulikuwa msituni kwetu, ndani ya mimea inayotambaa na kupanda juu ya miti. Mwaka 1892 Mfalme Leopold II, aliyekuwa akiimiliki nchi hii kama shamba lake tangu 1885, akazigawia kampuni mbili, ABIR na Anversoise, misitu mikubwa ya kaskazini. Yaliyofuata tunayajua, japo shuleni tuliyapita haraka. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanawake walifungiwa kama mateka mpaka waume zao warudi na mzigo. Ngozi ya kiboko ilikatwa ikawa mjeledi, na Kiswahili chetu mpaka leo kinamwita mnyama na mjeledi kwa jina moja. Askari alitakiwa aeleze kila risasi ilikwenda wapi, na ushahidi wake ulikuwa mkono wa kuume uliokatwa. Watu wakakimbilia porini, mashamba yakaota nyasi, njaa na ugonjwa wa malale vikawafuata huko huko. Aliyeufichua mfumo huo Ulaya alianza kwa kusoma hesabu tu: E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona meli zinafika Antwerp zimejaa mpira na pembe, zinarudi zimebeba bunduki na risasi. Akaelewa kwamba biashara haiendi hivyo. Aliyepokea mali bila kulipa chochote isipokuwa risasi hajanunua.

Sasa huo utafiti. Mwaka 2021 wachumi wawili, Sara Lowes na Eduardo Montero, walichapisha kazi waliyoifanya juu ya mipaka ya maeneo ya zile kampuni mbili. Mipaka ilichorwa kwa kufuata mabonde ya mito, juu ya ramani za nchi ambayo wachoraji hawakuijua. Kwa hiyo msitari ulipita katikati ya watu walewale, msitu uleule, mvua ileile. Wa upande huu wakaingia mikononi mwa kampuni, wa upande ule wakasalimika na kampuni, ingawa hawakusalimika na mengine. Wachumi hao walilinganisha watu wanaoishi leo pande mbili za msitari ambao haupo tena, ambao wengi wa wanaoukanyaga hawaujui. Walikuta kwamba waliomo ndani ya maeneo ya zamani ya mpira wana elimu pungufu, mali pungufu na afya mbaya zaidi, na watoto wao ni wafupi kuliko wenzao wa umri huohuo wa upande wa pili. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu mpira ule ukatwe.

Jeraha linasafirije kutoka kwa babu wa babu mpaka kwenye goti la mtoto? Walifanya pia mahojiano karibu na mji wa Gemena, jirani na mpaka wa zamani wa Anversoise, na jibu walilopata lipo kwa machifu. Kampuni haikumhitaji chifu wa kuchimba kisima. Ilimhitaji chifu wa kuleta mpira. Aliyekataa aliondolewa, akawekwa atakayekubali, na utawala wa namna hiyo ukajizalisha. Mpaka leo ndani ya maeneo yale uchifu hurithiwa zaidi kuliko kuchaguliwa, na machifu wanawafanyia watu mambo machache zaidi ya maendeleo. Kuna jingine ambalo sikulitarajia: watu wa ndani ya maeneo yale wanaaminiana zaidi kuliko wa nje, na wako tayari zaidi kugawana walichonacho. Nadhani, na haya ni maoni yangu, ni kwa sababu kipigo kiliwatoka juu na kikawapata wote pamoja. Nitairudia nukta hii, maana huko mbele inatugeukia sisi.

Kabla sijamrudia kaka yetu wa sheria, niseme neno juu ya qadari, kwa kuwa najua yupo atakayesema kwamba urefu na ufupi, uhai na mauti, vyote vimeandikwa. Vimeandikwa, naam. Sayyidna Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye qadari yake kwenda kwenye qadari yake, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu. Ukichunga kwenye majani ni kwa qadari, ukichunga kwenye ukame ni kwa qadari. Huwa naufikiria mfano huo nikitazama ile ramani ya mpira. Sharti lake ni kwamba mchungaji ana uhuru wa kuchagua upande. Mtu akija na bunduki akauzungushia uzio upande wenye majani, hapo hatuzungumzii qadari peke yake. Tunazungumzia pia mtu mwenye bunduki, na yeye ana hesabu yake.

Turudi kwenye aya. Kaka yetu ameisoma vizuri na hakuna wa kumpinga: dhambi hairithiwi. Mtoto wa mwizi si mwizi. Lakini sheria yetu haikuishia hapo, na yeye kama mwanafunzi wa sheria analijua hilo kuliko mimi. Mtu akifa, kabla warithi hawajagawana hata kijiko, kwanza yanalipwa madeni yake, kisha wasia, ndipo mirathi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu aliyeacha deni la dinari chache, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada aliposimama kuwa mdhamini. Mrithi hajatenda kosa lolote kwa kuwa baba yake alikopa. Hata hivyo hana haki ya kuichukua nyumba na kuliacha deni. Na ulinganifu wa sheria ni mzuri mno hapa: mrithi hatozwi kutoka mfukoni mwake kile kinachozidi tirka. Anadaiwa kwa kadiri ya alichokipokea, basi.

Kuna na mfano mwingine. Mtu akiua kwa bahati mbaya, diya inabebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Hao hawakuua. Wanachuoni walio wengi hawakuona kwamba wanatozwa kinyume na aya, kwa sababu walielewa kwamba aya inazungumzia mzigo wa dhambi, na diya ni mzigo wa mali unaobebwa ili damu isipotee bure.

Na aliyenyang'anya? Mafakihi wameliandika katika mlango wa ghasbu, yaani kuchukua mali ya mtu kwa nguvu. Mali hiyo haibadiliki kuwa halali kwa kupita mikononi mwa watu. Katika madhhabu yetu ya Shafii, kila mkono uliokipokea kitu kilichonyang'anywa unawajibika kukirudisha, hata kama mpokeaji hakujua. Kutokujua kunamwondolea dhambi, hakumfanyi mmiliki. Zaidi ya hapo, Shafii wanamlipisha mnyang'anyi manfaa: aliyeishika nyumba ya mtu miaka kumi anarudisha nyumba na kodi ya miaka kumi, hata kama nyumba ilikaa imefungwa. Mahanafi kwa asili hawakusema hivyo, ingawa waliokuja baadaye waliitenga mali ya yatima na ya wakfu. Nilipokuwa nasoma ikhtilafu hiyo katika mwaka wa kwanza niliiona kama mazoezi ya akili tu. Sasa naona inazungumzia yule mvulana wa sentimita 84. Mpira uliochukuliwa umekwisha, matairi yameoza. Kinachodaiwa ni manfaa: miaka ya shule ambayo haikusomwa, visima ambavyo havikuchimbwa.

Msidhani hizi ni fikra za vitabuni tu zisizotambuliwa na Wazungu. Wanazitambua vizuri, wanapotaka. Mwaka 1908 Ubelgiji ilipoichukua Congo kutoka kwa Leopold, iliichukua pamoja na madeni yake. Wenye hati waliokuwa wameikopesha Dola Huru ya Congo hawakuambiwa kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Tena mfalme mwenyewe akaahidiwa faranga milioni 50 kama shukrani kwa jinsi alivyojitolea kwa ajili ya Congo. Mwaka 1960 ilipofika zamu yetu, nchi ilizaliwa ikiwa imeshikishwa madeni ya koloni, na mabishano juu yake yakaendelea mpaka makubaliano ya 1965. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa mwaka mmoja na Mfalme Philippe alilirithi deni ambalo hakulikopa. Kwa hiyo kanuni ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni karatasi mikononi mwa wale waliokatwa mikono.

Kuna atakayesema, na wezi wetu wenyewe wa baada ya uhuru? Nao wamo. Kuwataja kunaongeza majina kwenye orodha ya wadaiwa, hakufuti jina la juu.

Kama ningeishia hapa, makala hii ingempendeza kila msomaji, na mimi ningelala vizuri. Lakini yupo Umar mwingine, Umar bin Abdul Aziz. Alipotawala mwaka 99 Hijria aliikuta hazina ya ukoo wake imejaa mali na ardhi ambazo ami na binamu zake walizichukua kwa watu. Yeye hakuwa amenyang'anya. Hata hivyo alizirudisha, na hakuanza kwa binamu zake. Alianza na ardhi zilizokuwa kwa jina lake mwenyewe, kisha akamwambia mkewe Fatima, binti wa Khalifa Abdul Malik, achague kati ya vito alivyopewa na baba yake na kuendelea kuishi naye, naye akaridhia vito viingie Baitul Mal. Ndipo akawageukia wengine. Kila nikisoma habari hiyo natafuta njia ya kuikwepa, na sijaipata.

Maana ukoo wangu umetoka Kasongo.

Wasomaji wa Kisangani na Maniema mmeshanielewa. Wengine niwaeleze. Kabla ya askari wa Leopold kufika kwetu, waliofika ni misafara kutoka pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Leopold hapa hapa Stanley Falls, mji tunaouita Kisangani leo. Walikuja na dini, na kwa hilo tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Walikuja na mpunga, na lugha hii ninayoiandika. Walikuja pia kutafuta pembe, na pembe zilibebwa na watu, na watu hao wengi walifungwa kamba. Mwezi Julai 1871 Livingstone aliwashuhudia watu wa misafara wakiwapiga risasi mamia ya watu, wengi wao wanawake, sokoni Nyangwe. Huwa tunasema kwamba Wazungu walitia chumvi ili wapate kisingizio cha kuingia, na kweli kisingizio walikitafuta, na vita vya 1892 mpaka 1894 viliwapa nchi. Lakini waliokufa Nyangwe walikufa.

Na hili nalo limepimwa. Nathan Nunn alipohesabu watu waliochukuliwa kutoka kila nchi ya Afrika, hakuhesabu njia ya Atlantiki peke yake. Alihesabu pia Sahara, Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, na katika kazi aliyoitoa mwaka 2008 alionyesha kwamba nchi zilizopoteza watu wengi zaidi ndizo maskini zaidi leo. Miaka mitatu baadaye, yeye na Leonard Wantchekon wakaonyesha kwamba watu ambao mababu zao walichukuliwa kwa wingi, kwa njia ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, hawawaamini jirani zao, wala serikali yao ya mahali, wala hata ndugu zao, kama wenzao wanavyowaamini. Linganisheni na ile nukta niliyoahidi kuirudia. Waliopigwa na kampuni ya mpira walikaribiana. Waliouzwa waliachana, kwa sababu biashara ile mara nyingi ilipitia kwa mtu unayemjua, jirani, mjomba, chifu, mtu mliyekula naye.

Basi nikafanya kama mafakihi wanavyotaka, nikauliza: katika tirka ya ukoo wangu kuna nini? Fedha za pembe hazikubaki kwetu, zilikwenda Zanzibar na Bombay. Mnyororo hatuna. Mwanzoni nilidhani hatuna kitu. Halafu nikakumbuka mwaka 2016, nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Alikuja mtu kumposa yaya yangu. Mwalimu, mwenye kusali, asiyegusa pombe, na yaya alikuwa amempenda, hilo lilionekana hata kwa mtoto. Wazee walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakaulizana koo. Walipoondoka, shangazi yangu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa: "Babu yake alikuja kwa kamba." Hakuna aliyeuliza zaidi. Baba alituma jibu kwamba binti bado anasoma. Neno kafaa lilitajwa, likavaa kanzu ya fiqhi, na mambo yakaisha. Yule mwalimu ameoa kwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika sinia ya vikombe, nikaipeleka jikoni.

Huo ni uungwana tulioupokea. Ni mali kama mali nyingine: ina thamani, inafungua milango, inarithiwa, na ilipatikana kwa kumshusha mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine naye ana warithi.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu koko yangu, mama mzazi wa baba, Kasongo. Amezeeka lakini kumbukumbu zake ziko sawa, na ananijua kwa maswali. Nikamwamkia, nikamuuliza afya, tukazungumza bei ya mchele. Kisha nikamuuliza lile shamba letu la mpunga la kando ya kijito, lile linalotulipia karo mpaka mimi niko chuoni, kabla yetu lilikuwa la nani.

Alinyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika.

"La wenyewe," akasema, akanitajia jina la ukoo ambalo nalijua tangu utotoni. "Kabla hawajawa watu wetu."

Nikamuuliza wako wapi siku hizi.

"Si wapo tu, mwanangu. Kule nyuma ya soko. Wanalima mpunga."

"Shamba la nani?"

"Lile lile. Wanakodi kwetu."

Nimeomba mazoezi yangu ya vitendo ya muhula ujao yafanyike kituo cha afya cha upande ule wa soko, na nimekubaliwa. Ubao wa kupimia wanao. Baba sijamwambia bado nitakachomuuliza kuhusu lile shamba. Nataka kwanza nikae na wajukuu wa wale watu, niwapime watoto wao, na kila namba niiandike kwa mwandiko wangu.